Jiwe la Kusafisha Maji, na Vumbi Lake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Buxton, Mombasa)



Katibu ameniomba niseme juu ya jiwe liitwalo zeoliti. Sababu yake mwaijua. Katika mkutano uliopita mwanachama mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba nchi yetu ina jiwe liwezalo kusafisha maji ya choo, na kama ni kweli, mbona halichimbwi ili mabehewa yetu yapate mzigo. Wengine mlicheka. Mimi sikuona la kucheka. Mzigo ni kazi, na kazi ni unga. Tena maji ya choo katika kisiwa hiki si jambo la mzaha.

Tazameni hapa tulipo. Nyuma yetu kuna mkono wa bahari wa Tudor. Nyumba za zamani za Buxton zilianza kubomolewa mwaka wa 2021 na mahali pake pakajengwa maghorofa. Watu wengi zaidi wakikaa juu ya ardhi ile ile, maji machafu nayo huzidi. Mji una mitambo miwili ya kusafisha maji hayo, mmoja Kizingo na mmoja Kipevu, lakini mabomba ya maji taka yafika kwa sehemu ndogo tu ya mji. Waliobaki wana mashimo, na shimo likijaa huitwa lori la kunyonya, kama pesa ipo. Kama pesa haipo, mvua za masika hufanya kazi ya lori, na wote twajua uchafu huenda wapi. Kule Mikindani maji ya choo yamepita katikati ya mikoko miaka mingi, hata wataalamu wakaja kupima mikoko ile husafisha kiasi gani. Mikoko imefanya kazi bila mshahara na bila chama.

Sasa nije kwenye jiwe lenyewe.

Mwaka wa 1756 bwana mmoja wa Sweden, jina lake Axel Fredrik Cronstedt, alilitia jiwe katika moto mkali akaona latoa mvuke kama kwamba lachemka. Akalipa jina kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya "jiwe lichemkalo". Mvuke ule ulikuwa maji yaliyokaa ndani ya matundu ya jiwe. Matundu hayo ni madogo mno, jicho halioni, wala kioo cha kukuzia cha kawaida hakionyeshi. Ndani yake hukaa maji, na pamoja na maji hukaa chembe za chumvi kama sodiamu, potasiamu na kalisi. Chembe hizo hazikufungwa kwa nguvu. Zaweza kutoka na nyingine zikaingia.

Nitasema kwa mfano wa kazi yetu. Fikirini behewa la abiria lenye viti vyenye namba. Viti havitoki, vimekazwa kwa skrubu. Lakini abiria hushuka na wengine hupanda, na behewa haliendi mpaka kila kiti kina mtu. Zeoliti ndiyo behewa hilo. Maji yakipita, sodiamu hushuka na amonia hupanda. Tena jiwe hili lina upendeleo: abiria wengine hulipendeza kuliko wengine. Aina iitwayo klinoptiloliti hupenda sana amonia, na risasi, na ile sumu ya mabomu na mitambo ya nuklia iitwayo sesiamu. Ndiyo sababu mtambo wa Fukushima kule Japani ulipoharibika mwaka wa 2011, zeoliti ni katika vitu vya kwanza vilivyotumiwa kuyasafisha maji yake.

Wazee waliofanya kazi katika injini za mvuke watanielewa upesi kuliko vijana. Maji yenye chokaa nyingi yakichemshwa kila siku katika boila huacha ukoko, na ukoko ule hula makaa, hupunguza nguvu, na mwisho huunguza mabomba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walitengeneza zeoliti ya viwandani kwa ajili ya kulainisha maji: chokaa yapanda, sodiamu yashuka, boila yapona. Maji ya boila yakalainishwa hivyo katika viwanda na katika reli za nchi nyingi. Basi jiwe hili si geni kwa watu wa reli. Ni mwenzetu wa zamani aliyerudi kutafuta kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine ni amonia. Mkojo wa binadamu ukikaa hutoa amonia. Harufu yake mwaijua wote mliopita nyuma ya stesheni. Amonia ikiingia katika mkono wa bahari uliotulia huua samaki wachanga na kuotesha majani ya kijani yasiyotakiwa, na majani hayo yakioza hula hewa ya maji. Katika Marekani, kwenye Ziwa Tahoe na Truckee huko California, na kwenye Occoquan huko Virginia, palijengwa katika miaka ya 1970 mitambo iliyopitisha maji machafu juu ya klinoptiloliti ili kuondoa amonia. Kwa hiyo jibu la swali la ndugu yetu ni ndiyo. Jiwe lipo duniani na kazi laiweza.

Lakini sisi ni watu wa kupima mzigo, basi na tupime. Binadamu mmoja hutoa kwa siku gramu kama kumi au zaidi za naitrojeni, ambayo ndiyo asili ya amonia. Kilo moja ya jiwe zuri, katika maji machafu ya kweli, hushika gramu chache tu, kwa kawaida chini ya kumi. Yaani mtu mmoja hula kilo nzima kwa siku, na pengine mbili. Watu elfu kumi ni tani kumi kwa siku na zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 1,208,333 katika Mombasa yote. Pigeni hesabu wenyewe: zaidi ya tani 1,200 kila siku, au behewa 30 za tani 40, Jumapili na sikukuu pia. Naona ndugu mmoja pale nyuma amefurahi. Asifurahi upesi. Hakuna mji uwezao kulipa nauli hiyo.

Mitambo ya Marekani haikutupa jiwe kila siku. Jiwe likijaa huoshwa kwa maji ya chumvi nyingi: sodiamu yapanda tena kwa wingi wake, amonia yalazimishwa kushuka. Kisha amonia huondolewa katika chumvi ile na kufanywa mbolea. Jiwe lile lile hurudi kazini mara nyingi. Hapa pwani chumvi tunayo. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni si mbali. Mzigo wa jiwe basi si wa kila siku, ni wa kujaza mara moja na kuongeza kidogo kidogo kadiri linavyosagika. Afadhali mseme ukweli huo mapema kuliko kuahidi vijana kazi za behewa 30 kwa siku.

Na iko shida moja ya hapa petu ambayo mtu wa California hakuwa nayo. Visima vingi vya kisiwa chetu vina maji ya chumvichumvi, na watu huyatumia kufulia na kumwaga chooni maana maji ya mfereji hayatoshi. Maji machafu yetu basi yana chumvi. Na nimekwisha kusema kwamba chumvi ndiyo imfukuzayo amonia katika kiti. Jiwe likiwekwa katika maji ya choo yenye chumvi nyingi litafanya kazi nusu, au robo. Mtu akija na karatasi nzuri za majaribio yaliyofanywa kwa maji matamu ya Ulaya, mwulizeni kwanza kama amepima maji ya Mombasa.

Tena zeoliti haiui vijidudu vya kipindupindu. Mtu asije akadhani kwamba akimwaga jiwe katika shimo lake maji yatakuwa ya kunywa. Maji ya choo sharti kwanza yatuame, tope litolewe, vijidudu vizuri vile taka, ndipo jiwe lije mwisho kushika amonia iliyobaki. Na ya kuua vijidudu vya ugonjwa ni klorini au jua katika mabwawa. Pale penye mtambo uliosimama kwa sababu pampu imekufa na hakuna fundi wala vipuri, zeoliti haina la kufanya. Mimi naona, kwa mji wetu, fedha ya kwanza ni ya mabomba na pampu na mishahara ya mafundi. Jiwe ni la mahali palipokwisha tengenezwa: mtambo mdogo wa hospitali, machinjio, hoteli, au kiwanda chenye risasi au zinki katika maji yake. Migodi nayo hulitumia hivyo, kunasa madini mabaya katika maji yatokayo shimoni.

Sasa, jiwe lapatikana wapi? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize sana.

Zeoliti huzaliwa pale majivu ya volkeno yanapoanguka katika ziwa la maji makali ya magadi. Majivu ni kioo kilichosagika; magadi hula kioo kile, na katika kuliwa huko kioo hugeuka zeoliti. Nchi yenye volkeno na maziwa ya magadi kwa pamoja ni Bonde la Ufa. Mtaalamu wa Marekani, Richard Hay, alieleza jambo hili kwa mawe ya Olduvai katika Tanganyika ya zamani, alikofanya kazi karibu na akina Leakey. Kitabu chake juu ya Olduvai kilitoka mwaka wa 1976. Mwaka huo huo Surdam na Eugster waliandika juu ya mawe ya Ziwa Magadi, katika Kajiado yetu wenyewe. Na mwaka wa 2014 wataalamu walitoboa chini ya ziwa hilo karibu mita 200, wakaikuta zeoliti tena katika tabaka za majivu ya kale.

Magadi twaijua. Akina mama wanaijua jikoni kwa maharagwe na mboga ngumu, na wazee kwa ugoro. Kampuni ya kuichimba ilianzishwa mwaka wa 1911, na reli ya kutoka Konza hadi ziwani, kilomita zipatazo 145, ilijengwa kwa ajili ya mzigo huo mmoja. Kutoka ziwani mpaka Kilindini ni karibu kilomita 600. Mtu atazamaye ramani atasema: jiwe lipo, reli ipo, bandari ipo, kumebaki nini? Nami ningesema vivyo hivyo kama nisingesoma jina la jiwe lenyewe.

Maana zeoliti si jiwe moja. Ni ukoo mkubwa, na katika ukoo kuna mtoto mbaya. Zeoliti ambayo Surdam na Eugster waliikuta kwa wingi katika mawe ya Magadi si klinoptiloliti. Ni erioniti. Na huko Olduvai pia erioniti imo pamoja na ndugu zake.

Erioniti ina umbo la nyuzi nyembamba kama sufu; hata jina lake latokana na neno la Kiyunani la sufu. Nyuzi hizo zikivutwa na pumzi hukaa ndani ya kifua zisitoke. Katika Uturuki kuna vijiji vitatu, Karain, Tuzköy na Sarıhıdır, ambavyo watu wake walichonga nyumba zao katika mawe ya majivu ya volkeno. Katika miaka ya 1970 daktari mmoja wa huko, Izzettin Barış, aliona kwamba watu wa vijiji hivyo wanakufa kwa wingi kwa mesothelioma, kansa ya ngozi nyembamba inayofunika mapafu. Ni ugonjwa ule ule wa wafanya kazi wa asbesto. Lakini asbesto haikuwako kiwandani wala mgodini mwao. Ilikuwa erioniti katika kuta za nyumba zao. Mwaka wa 1987 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliandika erioniti katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu. Klinoptiloliti nayo ilichunguzwa mwaka wa 1997, ikawekwa katika daraja la vitu ambavyo ushahidi wake hautoshi kusema vyaleta kansa. Jamaa wa ukoo mmoja hao, lakini mwenye kumchanganya huyu na yule hucheza na roho za watu.

Msidhani haya ni ya wanakijiji wa mbali tu. Huko North Dakota, Marekani, kokoto zenye erioniti zilimwagwa juu ya mamia ya kilomita za barabara. Hakuna aliyekusudia ubaya; jiwe lilikuwa karibu na rahisi. Mwaka wa 2011 wachunguzi walitangaza kwamba vumbi lililopimwa kando ya barabara hizo, hata ndani ya mabasi ya watoto wa shule, lilikuwa na nyuzi zake. Ndugu wa njia, mnaomwaga kokoto chini ya mataruma, mnanielewa. Kokoto ni jiwe, na jiwe lina jina. Sharti tulijue.

Ndiyo maana sikubaliani na wasemao "tuchimbe kwanza, mengine baadaye". Sikubaliani pia na wasemao tusiguse kabisa. Tabaka si sawa mahali pote: bonde moja laweza kuwa na erioniti, na jingine mbali nalo likawa na klinoptiloliti au kabaziti safi. Kujua ni kazi ya maabara. Jiwe husagwa na kupigwa kwa mionzi ya eksirei, na kila zeoliti hutoa alama yake kama alama ya kidole. Kisha hutazamwa kwa hadubini ya elektroni kama lina nyuzi. Hayo si gharama kubwa ukilinganisha na kununua mashine ya kupasulia mawe. Mwenye kutaka kuchimba na asiyetaka kupima, huyo amekwisha tujibu.

Sasa fikirini safari ya vumbi. Linaanza kwa mtu wa baruti na mtu wa kusaga. Kisha kwa mpakiaji. Kisha kwa kijana wetu wa shanti, na kwa yule anayefagia behewa likiwa tupu, kazi ambayo katika karatasi za wakubwa haina jina. Kisha kwa kuli wa Kilindini. Na mwisho kwa mke, anayekung'uta shati kabla ya kulifua. Katika kazi za asbesto wanawake wengi waliugua hivyo, hawajakanyaga kiwandani hata siku moja. Mesothelioma huchukua miaka 20, 30, hata 40 kabla ya kuonekana. Mtu huugua akiwa amekwisha staafu, mwajiri amekwisha kwenda, na daftari la majina limeliwa na mchwa. Hapo atamdai nani?

Tuna mfano wa hapa hapa Mombasa. Owino Uhuru, upande wa Jomvu, kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilitia risasi katika udongo, maji na damu za watu, wakiwamo watoto. Wenyeji walipigana, wakiongozwa na Bi Phyllis Omido. Mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa iliwapa shilingi bilioni 1.3, mwaka wa 2023 mahakama ya rufani ikapangua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile. Hesabuni miaka. Watoto waliokunywa risasi ile ni watu wazima sasa.

Sheria si kwamba hatuna. Kuna Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 inayotaka uchunguzi ufanywe kabla ya mgodi kufunguliwa, na umma usikizwe. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, na ya fidia ya mwaka huo huo. Kuna Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inayogawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa wenyeji wa mahali. Kwa Kajiado wenyeji hao ni Wamasai wenye mifugo, nao vumbi lao ni la usiku na mchana, si la saa nane za zamu. Haifai sisi watu wa reli tudai vinyago vyetu na kuwasahau wao.

Tena mgodi una mwisho. Kule Kwale mchanga wa titani ulianza kusafirishwa baada ya mwaka wa 2013, na Desemba 2024 uchimbaji ukakoma. Vijana waliozoea mshahara wakarudi nyumbani. Mapatano ya kazi yaandikwe siku ya kwanza, yakitaja na siku ya mwisho.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kamati iyapeleke makao makuu ya chama maneno yafuatayo. Kwamba mzigo wowote wa jiwe liitwalo zeoliti usipokewe katika stesheni yoyote bila karatasi ya maabara isemayo ni zeoliti ya aina gani, na si neno "zeoliti" peke yake. Kwamba mzigo wenye erioniti usipokewe kabisa. Kwamba jiwe lililokubaliwa lisafirishwe likiwa limelowana au limo katika mifuko iliyofungwa, maana hata vumbi la mchanga wa kawaida huharibu mapafu. Kwamba wafagia mabehewa wapewe vinyago vya vumbi laini, si kitambaa cha kufunga mdomo, na nguo za kazi zifuliwe kazini. Kwamba majina ya wote walioshika mzigo yawekwe miaka 40, nakala moja kwa mwajiri na moja kwa chama.

Na kwa habari ya Mombasa, naomba tawi letu liandikie kaunti na kampuni ya maji kuuliza: ni lini mtaa huu utaungwa kwenye bomba linalofika mtambo unaofanya kazi? Barua iwe fupi, itiwe sahihi na wanachama wakaao hapa, na nakala yake pamoja na jibu vibandikwe katika ubao wa stesheni, upande wa lango la mafundi, ambako kila mtu hupita.